Safari ya Kuvua Kambale Mtera

Ndugu wasomaji, najua ya kuwa wengi wenu mkaao Ugogo mtashangaa kumwona mtu wa kwenu akiandika habari za kuvua samaki. Nchi yetu si nchi ya maji. Mito yetu mingi ni mito ya mchanga: maji hupita siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hukauka, nasi huchimba visima katika mchanga ule ule ili tupate ya kunywa. Mvua ya Dodoma katika miaka mingi haifiki milimita 600, nayo karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili. Bibi yangu mzaa mama aliishi hata akawa mkongwe, asionje samaki hata siku moja. Alisema ni nyoka wa majini, tena katika maisha yake yote alikuwa amemwona mmoja tu, kambale aliyeletwa kutoka Bahi, amekaushwa kwa moshi, mweusi kama kijinga cha moto. Mboga yake ilikuwa mlenda na maziwa, na nyama siku ya sherehe.

Basi mimi nilijifunza kuvua nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na aliyenifundisha ni rafiki yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyezaliwa karibu na maji na hata leo hawezi kupita daraja bila kusimama na kutazama chini.

Yeye ndiye aliyenionyesha ya kuwa samaki wapo hata huku kwetu, ila yakupasa kujua majira yao. Mto Bubu hushuka kutoka pande za Kondoa, ukamwaga maji yake katika mbuga ya Bahi, na maji hayo hayana njia ya kwenda baharini. Yakiwa mengi hufanya ziwa liitwalo Sulunga. Mvua ikikosa, ziwa hupungua hata likawa matope, kisha vumbi. Liko tena bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, ambako tulikwenda mara nyingi siku za Jumamosi kuvua perege. Lakini maji makubwa kuliko yote katika pande hizi ni Mtera, mahali Ruaha Mkuu unapokutana na Kisigo, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Huko mto ulizibwa kwa ukuta uliokamilika karibu na mwaka 1980, ili maji yawekwe akiba kwa mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyo chini zaidi katika mto huo huo. Baadaye, mwaka 1988, Mtera nayo ikaanza kufanya umeme wake. Bwawa likijaa hutandaa mamia ya kilometa za mraba, na mtu aliyezoea korongo za Ugogo akilitazama mara ya kwanza hukosa neno la kusema.

Wakati wa kiangazi si hivyo. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa maji mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu huko juu, katika nchi tambarare ya Usangu, maji mengi hugeuzwa kwenda katika mashamba ya mpunga, na mengine hukawia katika bwawa la asili la Ihefu. Mto ukikatika juu, Mtera hupungua chini. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2006, jinsi maji yalivyopungua na umeme ukawa wa kugawiwa nchi nzima. Hivyo mwezi wa Desemba bwawa huwa limerudi nyuma sana, limeacha uwanda mpana wa matope yaliyopasuka, na ng'ombe hulisha mahali ambapo mwezi wa Mei kulikuwa na mitumbwi.

Siku tatu baada ya Krismasi rafiki yangu alikuja kwangu alfajiri, akapiga hodi, akasema, "Mwalimu, mvua imenyesha Mtera usiku wa juzi na jana. Korongo zimeshuka. Twende tukavue." Mimi hunena naye kama ndugu, naye huniita Mwalimu ingawa yeye ndiye mwalimu wa kweli wa darasani, na mimi ni mwalimu wa dini tu, ni desturi ya kwetu. Nikaona amebeba mishipi minne, nasi tulikuwa wawili. Sikuuliza. Mtu aliyekwenda kuvua nawe miaka kumi na miwili ana haki ya kubeba mishipi mingi kuliko mikono yake.

Tulipanda basi la kwenda Iringa. Barabara ile sasa ni ya lami tupu, na safari ambayo zamani ilikuwa ya siku nzima yenye vumbi na kusukuma gari, imekuwa ya saa chache. Tulipokuwa tumepita Fufu, mibuyu ikiwa imeanza kutoa majani mapya, rafiki yangu akaniambia habari yote. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 19, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yalipotoka mwezi wa Januari uliopita hakupata daraja lo lote. Nyumbani yakasemwa maneno, na mengine hayafai kurudiwa. Mwezi wa Aprili kijana akaondoka bila kuaga. Mama yake akasikia kwa mtu wa sokoni ya kuwa yuko Mtera, katika kambi ya wavuvi, anavuta kokoro la mtu. Akapigiwa simu, akaitika mara mbili, kisha hakuitika tena.

"Mara mbili nimekwenda kumchukua," rafiki yangu akasema. "Nimekaa naye uso kwa uso katika kibanda cha chai. Nikisema, anatazama chini. Akisema yeye, sauti yangu inapanda. Nimerudi peke yangu. Safari hii siendi kumchukua. Nakwenda kuvua. Nimempelekea neno kwamba akitaka aje."

"Nami nakwenda kwa kazi gani?" nikauliza.

"Wewe ukiwapo, mimi sitapiga kelele," akasema.

Basi mshipi wa tatu nikaujua. Wa nne, akasema, ni wa akiba, kwani kambale hukata.

Kwa ajili ya wasomaji wasiomjua, nieleze kidogo huyu kambale, maana ndiye sababu ya kwenda wakati wa mvua. Hana magamba. Ngozi yake ni nyeusi, laini na yenye ute. Kichwa chake ni kipana na kigumu kama jembe. Na mdomoni ana ndevu nane ndefu. Kwa ndevu hizo hupapasa matope gizani na kuonja chakula kabla hajakiona, kwa maana macho yake ni madogo na hayamfai sana. Zaidi ya hayo, Mungu amempa kitu ambacho samaki wengi hawana: juu ya mashavu yake ya kupumulia ana kiungo kama kijiti chenye matawi, cha kuvutia hewa hii tuvutayo sisi. Kwa hiyo maji yakiwa machafu na mazito yasimfae samaki mwingine, yeye hupanda juu, akameza hewa, akaendelea. Akiwa mbichi na majimaji aweza kukaa nje ya maji muda mrefu, na usiku wa mvua huonekana akijikokota juu ya nyasi kutoka dimbwi moja hata jingine, akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake. Miiba hiyo ndiyo humchoma mvuvi asiyejua mahali pa kushika.

Mvua za kwanza zikishuka, na korongo zilizokuwa mchanga mtupu zikitiririka, kambale hutoka katika maji makubwa na kupanda. Hupanda usiku, makundi kwa makundi, hata mahali maji yasipofika magotini, wakataga mayai yao makumi elfu katika majani yaliyofunikwa na maji. Mayai huanguliwa katika muda wa siku moja au mbili. Wazazi hawayalindi, hurudi zao bwawani. Perege si hivyo: jike wake huyachukua mayai kinywani mwake mpaka watoto wamejiweza, na kwa siku hizo hali kitu. Rafiki yangu hupenda kuwafundisha watoto wa darasa la sita jambo hili, naye husema daima kuna mtoto anayeuliza kama perege hawezi kuwameza kwa bahati mbaya.

Tulifika Mtera adhuhuri. Tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kikundi kinacholinda uvuvi mahali pale, tukaamkiana, tukasema tumekuja kuvua kwa ndoana tu, usiku mmoja. Akatuandikia katika daftari lake, akatuonyesha mahali: mwamba ulio upande wa Dodoma, juu ya maji kwa kadiri ya urefu wa watu wawili, karibu na mdomo wa korongo iliyoshuka. Akatuonya tusikae chini ukingoni baada ya jua kuchwa, kwa sababu mamba wapo, na viboko hutoka usiku kulisha. Maneno haya si ya kutishia wageni. Kila kambi ya pale ina mtu wake aliyepotea.

Jioni, kabla ya giza, tukafunga ndoana. Chambo chetu kilikuwa minyoo, na matumbo ya kuku tuliyonunua kwa mama mwenye kibanda, na vipande vya sabuni ya mche. Msicheke. Kambale hupenda sabuni ya kufulia kuliko nyama nyingi, na mvuvi mwenye sabuni hana haja ya kuchimba minyoo. Chubwi ya risasi ikaongezwa ili mshipi ulale chini. Wakati wa mchana mtu hutumia chelezo cha bua la mtama akakitazama. Usiku chelezo hakionekani, hivyo mshipi hulazwa juu ya kidole cha shahada, na kidole ndicho kinachotazama.

Kijana alikuja jua lilipokuwa linazama nyuma ya vilima. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa na makovu mapya ya kamba, kwa maana kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini kwa mtumbwi, kisha watu wengi huuvuta hata nchi kavu, kamba mabegani na mikononi, mara nne au tano kwa siku. Tumbo la wavu huo lina matundu madogo, nao hukwangua chini kila kitu: perege wakubwa, vifaranga vyao, na vile viota vya mashimo ambavyo perege dume huvichimba katika maji haba. Ndiyo maana kokoro limekatazwa na kanuni za uvuvi za nchi yetu, na ndiyo maana huvutwa mahali pasipoonekana.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Shika huu," rafiki yangu akasema, akampa mshipi wa tatu. "Mimi nafunga mwingine."

Ndivyo walivyosalimiana baada ya miezi minane. Tukakaa watatu juu ya mwamba, kijana katikati. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno. Tangu Chipogoro nilikuwa nikipanga moyoni la kusema kwanza na la kusema pili. Lakini nikaona ya kuwa mahali pale hapana haja ya haraka. Watu wanaokaa sebuleni hutazamana usoni, na kila neno humwona mwenziwe likija. Mtu mwenye mshipi kidoleni hutazama maji. Akinena, hunena na maji. Akinyamaza, hapana anayemwuliza kwa nini amenyamaza, maana amenyamaza kwa ajili ya samaki. Kwa hiyo walinena mambo madogo madogo. Baba akauliza kama mtumbwi wao ni wa mbao au wa gogo. Kijana akajibu. Baada ya muda mrefu kijana akauliza kama mbuzi mweupe amezaa. Baba akasema amezaa pacha, mmoja akafa.

Rafiki yangu akaanza kumsimulia habari za mgeni mmoja kutoka jimbo la Minnesota, huko Marekani, aliyepata kufundisha nasi mwaka mmoja. Mgeni yule alikuwa mvuvi kama sisi, naye kila jioni alitueleza samaki wa kwao aitwaye walleye. Samaki huyo jicho lake likimulikwa usiku hung'aa kama la paka, kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaoirudisha nuru, na kwa jicho hilo huwinda magharibi na gizani, wakati samaki wengine hawaoni. Watu wa Minnesota wanampenda hata mwaka 1965 wakamfanya kwa sheria kuwa samaki wa jimbo lao. Barafu ikiyeyuka walleye hutaga mayai, na katika maziwa ya ndani ya jimbo lile hairuhusiwi kumvua mpaka katikati ya Mei. Siku ya kufunguliwa hesabu ya watu maziwani huwa kama siku ya sikukuu. Tena mtu akimvua hana ruhusa ya kuchukua kadiri apendavyo. Hesabu imewekwa, naye hununua kibali.

"Na asiye na fedha ya kibali anakula nini?" kijana akauliza.

Baba yake akacheka. Nafikiri ndicho kicheko cha kwanza.

Yapata saa tatu za usiku kidole changu kikaguswa. Kambale hali kama perege, ambaye hudonoa donoa. Yeye hugusa mara moja, kana kwamba anauliza, kisha huondoka na mshipi kama mtu aliyechelewa. Nikamvuta, naye alikuwa mdogo. Akafuata wa rafiki yangu, mkubwa wa kutosha mboga ya watu watano. Kisha hapakuwa na kitu kwa saa nzima ila mbu. Kisha mshipi wa kijana ukaenda, akasimama, akauachia kidogo, akaukaza. Hakuwa na pupa, nikajua ya kuwa baba yake amemfundisha zamani. Alipomfikisha juu tukammulika kwa tochi. Alikuwa jike, mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hata ncha za vidole, na tumbo lake limejaa mayai hata ngozi imekuwa nyembamba.

"Ana mayai," rafiki yangu akasema. "Mrudishe."

"Baba, nikimrudisha hapa hafiki. Mdomoni mwa korongo wamefunga vyandarua vitatu, ukingo hata ukingo. Na nyuma ya vyandarua wamesimama watu wenye mikuki na mapanga. Kabla ya alfajiri huyu atakuwa ndani ya gunia la mtu."

"Basi kwa hiyo tumle sisi?"

"Sisi au wao, kuna tofauti gani? Watu wale wana njaa leo. Wewe unawaambia habari za samaki wa mwakani."

Ndugu zangu, neno la kijana lilikuwa na nguvu, wala sitaki kulipunguza. Nimekaa katika nyumba za watu wa kando ya bwawa lile mwezi wa Januari, wakati ghala ni tupu na mtama wa shambani ungali chini ya goti. Kambale akipanda wakati huo huja kama posho. Amejileta mwenyewe, hapana haja ya mtumbwi wala wavu wa fedha nyingi. Mtoto mwenye fimbo aweza kumpata. Kumwambia mama wa nyumba ile amwache apite ni rahisi kwa mtu ambaye mshahara wake huja mwisho wa mwezi. Hata hivyo lililo kweli ni kweli: samaki anayeuawa usiku ule huuawa saa chache kabla ya kutaga, na korongo iliyozibwa ukingo hata ukingo haina kitakachorudi bwawani. Wazee wa zamani waliotega migono, yaani mitego ya kusukwa kwa fito, waliacha nafasi upande mmoja. Hawakufanya hivyo kwa huruma, bali mgono hauzibi mto. Chandarua kinaziba.

Rafiki yangu hakujibu upesi. Nilitazamia sauti yake ipande, maana namjua. Akamtazama yule kambale aliyelala juu ya mwamba akivuta hewa, mdomo ukifunguka na kufumba. Kisha akasema, "Huyu anaweza kukaa nje ya maji saa ngapi?"

"Akifunikwa gunia bichi, hata asubuhi," kijana akasema.

"Basi leta ndoo."

Wakatia maji kidogo ndani ya ndoo, wakamweka, wakamfunika kwa gunia lililoloweshwa. Njia ya kupita ilikuwa juu, mbali na bwawa, kufuata ukingo wa korongo mpaka kupita vyandarua na watu wale, labda nusu saa ya kutembea gizani katika miiba. Kijana akashika mshikio wa upande mmoja, baba akashika wa pili, kwa maana ndoo ilikuwa nzito na samaki alikuwa akipiga piga. Nikataka kusimama niwamulikie. Rafiki yangu akasema, "Wewe, Mwalimu, tutunzie mishipi."

Nikabaki. Niliona tochi yao ikienda, ikipotea nyuma ya kichaka, ikitokea tena juu zaidi. Kulikuwa na ngurumo mbali, upande wa Iringa. Mishipi yote minne nikailaza juu ya vidole vyangu, miwili mkono huu na miwili mkono huu, nikawa kama mtu anayepiga zeze. Nusu saa ikapita, kisha saa, kisha nusu nyingine. Nilivua kambale wawili nikakosa mmoja. Sikuwa na hofu sana, kwa sababu tochi niliiona kwa mbali, imesimama mahali pamoja, haiendi wala hairudi.

Walirudi karibu na saa saba za usiku, ndoo tupu, nguo zimelowa hadi magotini, na kijana alikuwa na mkwaruzo wa mwiba shavuni. Waliyoyasema huko sikuyasikia, wala sikuuliza. Yaliyonipasa kujua niliambiwa asubuhi, nayo yalikuwa machache. Kijana hakuwa amekataa kurudi kwa ukaidi. Alikuwa na deni. Mwenye kokoro huwapa vijana unga na sukari na vocha za simu kwa mkopo, kwa bei yake mwenyewe, akaandika katika daftari. Siku za kuvua vibaya deni huongezeka, na siku za kuvua vizuri halipungui kwa kadiri ile ile. Limefika shilingi 140,000. Asiyelipa haondoki na nguo zake. Simu yake nayo ilikuwa imechukuliwa kuwa rehani, na ndiyo sababu haikuitikwa. Mambo haya hakuweza kuyasema katika kibanda cha chai, mbele ya baba aliyekuja amekunja uso akitaja mtihani.

Asubuhi tukaenda watatu kwa mtu yule. Sitamtaja, wala sidhani yeye ni mbaya kuliko wengine wa kazi yake. Rafiki yangu aliomba kuona daftari, naye, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, akajumlisha mistari yote kwa kidole, polepole, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakitengeneza nyavu. Deni likawa shilingi 118,000. Mwenye daftari akasema labda palikuwa na kuteleza kwa kalamu. Rafiki yangu akalipa shilingi 60,000 alizokuwa nazo, akaandikiwa, na simu ikarudishwa.

Hapo nilidhani kijana atapanda basi pamoja nasi. Hakupanda. Alisema salio ni lake, atalilipa mwenyewe, lakini si kwa kokoro. Kuna mzee pale mwenye kibali, anayevua kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi unaolazwa usiku, naye alikuwa akitafuta mtu wa kupiga kasia. Baba yake alinyamaza muda mrefu. Kisha akafungua mfuko, akampa ndoana zote, na chubwi, na mishipi mitatu, akabaki na mmoja. Akampa na kipande cha sabuni kilichosalia.

Katika basi alilala usingizi tangu Mtera hata Fufu. Alipoamka aliniambia jambo moja tu, kwamba yule jike walipomwachia katika maji haba, palikuwapo wengine watatu wamekwisha kupita, sijui kwa njia gani, wakizunguka katika majani.

Salio la deni lilimalizika mwezi wa Februari. Kijana alikuja Dodoma siku mbili kabla ya Pasaka, amebeba kapu la kambale waliokaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni kama desturi. Baba yake angali anataka arudie mtihani. Yeye anasema anataka kujifunza ufundi wa mashine za mitumbwi katika chuo cha ufundi, kwa maana huko bwawani injini nyingi zimekufa na mafundi ni wachache. Walibishana jioni nzima, kwa sauti ya wastani, huku mama yake akihesabu samaki na kuwagawa kwa majirani. Tulikula kwa ugali wa mtama na mlenda. Mimi nilipewa vichwa viwili, kwa sababu wanajua ya kuwa navipenda.